Sauti Ikikatika



Zamani sauti ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928, akaimba mbele ya mitambo, na sauti yake ikarudi pwani hii juu ya santuri. Santuri ilipokwaruza, dawa ilijulikana: badili sindano, futa vumbi. Ikaja kaseti, utepe ulipochomoka tuliurudisha kwa kuzungusha kalamu. Ubovu ulionekana kwa macho.

Leo sauti inapita tu. Hapa Songo Songo, gesi yetu iliyogunduliwa mwaka 1974 husafiri bombani chini ya bahari kwenda bara tangu 2004. Lakini wimbo wa simu hutujia kwa mawimbi ya hewani, wala haushikiki. Ndiyo maana ukikatika watu hukimbilia kuilaumu simu.

Shangazi yangu ni mtu mzima aliyepungukiwa na nuru ya macho. Starehe yake ni kusikiliza kasida baada ya sala ya isha. Wajukuu walimwekea programu ya nyimbo katika simu, lakini kasida ikawa husikika kidogo, kisha hunyamaza. Akaambiwa simu imekufa, anunue nyingine. Fedha aliyokuwa nayo ni ile aliyoiweka kwa ajili ya sanda yake. Akaniita, akasema, "Mwanangu, hebu itazame kwanza, kabla sijalifungua fundo hili."

Basi sikiliza, msomaji, jinsi mambo yalivyo. Programu hizi haziuleti wimbo wote kwa mara moja. Huuleta vipande vipande, na kuweka akiba kidogo mbele. Mfano wa mtu achotaye maji kisimani akamimina mtungini, na mwingine akinywa kutoka mtungi huo huo. Mtandao ukiwa dhaifu, mnywaji humshinda mchotaji, mtungi hukauka, na sauti hunyamaza ikingoja.

Kwa hiyo, kwanza tazama kiwango cha sauti katika mipangilio ya programu. Kwa kilobiti 320 kwa sekunde, dakika moja hula megabaiti mbili na zaidi. Kwa kilobiti 96, haifiki hata megabaiti moja. Kwa spika ndogo ya simu, masikio mengi hayatambui tofauti, lakini mfuko huitambua.

Pili, angalia ni wakati gani sauti hukatika. Ikiwa ni baada ya kioo kuzima, basi aghalabu ni ule mpango wa kubania betri, ambao huifunga programu usipoitazama. Iruhusu programu hiyo ifanye kazi hata kioo kikizima.

Tatu, simu iliyojaa picha haina pa kuweka akiba. Punguza usivyovihitaji.

Nne, ukifika mahali penye mtandao wa nguvu, pakua kasida uzipendazo, usikilize baadaye bila mtandao. Wala usifanye haraka kuifuta programu na kuiweka upya, kwani vyote ulivyopakua ndani yake vitafutika pamoja nayo.

Simu ya shangazi ilikuwa na maradhi mawili: kiwango kilipandishwa juu kabisa, na betri ilibaniwa. Haikutoka hata senti moja. Fundo la khanga likabaki limefungwa.

Lakini yapo makubwa kuliko hayo. Kilichopakuliwa ndani ya programu ni azima, si mali. Spotify, kwa mfano, huitaka simu iingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30, ama sivyo ulichopakua hakisikiki. Mwenye haki akiuondoa wimbo wake, huondoka. Huo ndio mkataba, wala si dhuluma.

Nilipomweleza hayo, shangazi alitoa sandukuni kaseti moja. Ndani yake marehemu mumewe anasoma maulidi ya Barzanji, na nyuma zinasikika sauti za wazee ambao wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Haimo katika programu yoyote duniani. Akasema, "Hiyo ya simu ikinyamaza, itarudi. Hii ikinyamaza, nani atairudisha?"

Tuliazima redio ya kaseti, tukaihamisha sauti ile hadi simuni, kisha tukaiweka katika simu ya pili na kadi. Utepe ulikuwa umeanza kuchakaa kwa unyevu na hewa ya chumvi, na mahali pawili sauti imefifia kabisa. Pale hapana mipangilio ya kutengeneza.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Basi, ndugu msomaji, itengeneze simu ya mama yako kwa subira na adabu. Ukimaliza, muulize sandukuni mna nini.

Wassalaam.