Mawe ya Redio

Juzi mwana wa dada yangu alikaa nami barazani hapa Shieywe, anatazama kwenye simu mpira unaochezwa mchangani, wachezaji peku, kila dakika mtu yuko hewani anapiga tikitaka. Akanieleza kuwa hilo ni Kombe la Afrika la soka la ufukweni, kwamba Senegal wamelizoea kama shati lao, na kwamba Tanzania nao walifika kwenye fainali hizo kule Misri mwaka 2018. Kisha akaniuliza: "Khotsa, kuna timu ya mpira ya Kenya iliyowahi kuchukua kombe la Afrika?"

Nikamwambia ipo. Ikanibidi pia nimwambie kwamba si timu yetu.

Mwaka 1987 nilikuwa na miaka kumi na sita. Hapa kwetu mtoto alizaliwa Ingwe kama anavyozaliwa na jina la ukoo. Timu ilianza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya, na serikali ilipokataza majina ya makabila ikawa AFC Leopards, lakini hakuna bibi hapa aliyejali karatasi hizo. Ingwe ni chui, basi. Tulikuwa tumechukua klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984, na hiyo ya tatu tuliwafunga Gor Mahia kulekule Kisumu, nyumbani kwao. Mwaka uliofuata wakalipa kisasi kwenye fainali mjini Khartoum.

Fainali hiyo ndiyo iliyowatenganisha khotsa wangu na fundi cherehani. Khotsa, kaka ya mama, alikuwa kinyozi. Fundi alikuwa Mjaluo, shabiki wa Gor, amepanga chumba cha pili kwenye jengo lilelile, ukuta mmoja katikati. Baada ya Khartoum, fundi alishona kitambaa cha kijani, akakitundika mlangoni. Khotsa hakumsalimu tena. Suruali zake akawa anazipeleka kushonwa sokoni, mwendo wa dakika ishirini, na mkasi wa fundi anausikia kila siku.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mwaka 1987 wenyewe ulikuwa mchungu. Mwezi Agosti Michezo ya Afrika ilifanyika Nairobi, kwenye uwanja mpya wa Kasarani, timu ya taifa ya mpira, Harambee Stars, wakafika fainali, Misri wakatufunga bao 1-0. Nakumbuka watu wazima wakizima redio na kubaki wameiangalia.

Kumbe Gor walikuwa wanapanda ngazi kimyakimya katika Kombe la Washindi barani Afrika, lile watu walilolijua kama Kombe la Mandela, Mandela mwenyewe akiwa bado gerezani. Kocha wao alikuwa Mwingereza, Jack Johnson, nahodha Austin Oduor, na mbele alisimama Peter Dawo, mtu wa kufunga kwa kichwa. Kombe hilo liliwahi kuwaumiza: mwaka 1979 walifika fainali, Canon ya Yaoundé ikawachapa 2-0 Nairobi na 6-0 kwao Cameroon. Safari hii walikwenda Tunis kwa Espérance wakarudi na sare ya 2-2. Mabao mawili ya ugenini ni mali. Nyumbani, sare yoyote isiyofika hapo ingetosha.

Jumamosi ya tarehe 5 Desemba mchezo wa marudiano ukawa Kasarani. Redio ya khotsa ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote pale, lakini mawe yake yalikuwa yamechoka. Tangu asubuhi aliniagiza niyaanike juani juu ya bati. Mpira ulipoanza yalitupa kama dakika ishirini, halafu sauti ya mtangazaji wa Sauti ya Kenya ikaanza kuzama, ikawa ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Tukasogea sote, vichwa vimegusana. Ikazimika.

Kwa fundi hakukuwa na redio. Alikuwa amesimama nje ya mlango wa kinyozi muda wote, hakuingia, anasikilizia hapo. Akaenda chumbani kwake, akarudi na tochi. Akaifungua kwa kuizungusha kitako, akatoa mawe mawili, akayaweka mezani kando ya vitana. Khotsa aliyaangalia. Kisha akavuta kiti cha kunyolea, kile kimoja tu alichokuwa nacho, akamwambia, "Keti, fundi."

Dawo akafunga. Watunisia nao wakapata lao. Ikawa 1-1, na muda ukagoma kwenda. Khotsa alikuwa ameshika antena kwa mkono kwa sababu ikiachwa redio inakoroma, mkono ukitetemeka kwa kuchoka, wala hakukubali nimpokee. Filimbi ya mwisho ilipolia, fundi alilia kama mtoto. Jumla 3-3, kombe la Gor kwa mabao ya ugenini. Jioni ile nilisikia isukuti, ngoma yetu, ikipigwa hapa Shieywe kwa ajili ya Gor Mahia. Sikutegemea kulisikia jambo hilo maishani, wala sijalisikia tena.

Mwaka uliofuata khotsa na fundi walirudia kutaniana vikali kila derby, lakini suruali zilishonwa upande wa pili wa ukuta.

Wote wawili wametangulia. Kombe lenyewe nalo halipo tena; mwaka 2004 liliunganishwa na Kombe la CAF likawa Kombe la Shirikisho. Mimi bado ni Ingwe, na nitazikwa Ingwe. Ila kijana wangu alipouliza, nilimjibu kwa fahari: ni Gor Mahia, mwaka 1987. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya, Uganda wala Tanzania iliyotwaa kombe la Afrika.