Mkanda, Rola na Mzee Wangu

Najua nimekuwa kimya kwa miezi mingi, na wengine mmeniuliza kama nimehama mji. Sijahama. Niko hapa hapa Soweto West, Kibera, na kilichoniweka kimya si programu. Ni mashine ya kutembelea, ile ambayo mtu anatembea juu ya mkanda bila kwenda popote.

Nianze mwanzo. Baba yangu alienda kazini Industrial Area kwa miguu kwa zaidi ya miaka 20. Alfajiri anashika njia ya reli, jioni anarudi kwa reli hiyo hiyo, kama watu wengi wa Kibera ambao nauli ya matatu haimo kwenye hesabu zao. Mwanzoni mwa 2024 akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akampa dawa ambayo haiuzwi dukani: atembee kila siku, dakika chache, mahali tambarare, penye kitu cha kushika.

Mahali tambarare! Anayeijua Soweto West ameshaanza kucheka. Vijia vyetu vina mteremko na mitaro wazi, na mvua za Aprili 2024 ziligeuza kila kitu kuwa tope. Mtu aliyezoea kwenda Industrial Area na kurudi akawa hafiki chooni bila kushikwa mikono yote miwili. Akaanza kusema afadhali akae tu. Neno hilo lilinitisha kuliko kiharusi chenyewe.

Basi mimi, msomi wa sayansi ya tarakilishi, nikapata wazo. Nikanunua mashine ya mtumba iliyokufa. Muuzaji alisema bodi yake imeungua, ndiyo maana bei ilikuwa ya kutupa. Nilipoifungua nikaelewa iliuawa na nini. Mashine hizi zina ubao, na mkanda unateleza juu ya ubao huo. Kati yake hupakwa mafuta ya silikoni. Yakikauka, msuguano unapanda, mota inavuta umeme mwingi zaidi ili kuusukuma mkanda, na bodi inayoilisha mota inapata joto mpaka inaungua. Kwa hiyo bodi ilikuwa marehemu tu... muuaji ni msuguano.

Umeme sikuutaka hata hivyo. Stima kwetu hukatika bila kubisha hodi, na mashine inayosimama na kuanza yenyewe si ya mgonjwa wa kiharusi. Mpango wangu ulikuwa Mzee ausukume mkanda kwa miguu yake mwenyewe. Rahisi, au sivyo?

Nikaazima mzani wa kuning'iniza kwa muuza nyama. Mimi nina kilo 70. Nikasimama juu ya mkanda, binamu yangu akauvuta kwa mzani. Mkanda mkavu: ulihitaji kilo 28 ndipo usogee. Nikapaka silikoni: kilo 14. Nikafurahi sana, nimepunguza nusu! Nikamwita Mzee.

Hakuweza. Alishika vyuma vya pembeni na kusukuma kwa mikono mpaka mishipa ya shingo ikatoka, mkanda ukasogea shubiri moja. Akaniambia, "Kijana yangu, hii ni kazi ya wafungwa."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu la kukanyaga kwa ajili ya wafungwa, na magereza mengi ya Uingereza yakalichukua. Ilibidi ifike karne ya 20 ndipo madaktari waiweke mashine ya kutembelea kwenye kazi ya kupima moyo. Daktari Robert Bruce wa Seattle alichapisha kipimo chake mwaka 1963, na kinatumika mpaka leo. Tofauti ya adhabu na tiba hapa ni swali moja: mashine inakudai nguvu kiasi gani?

Nikarudi kwenye hesabu, jambo ambalo ningelifanya kwanza. Kwa mwendo wa kilomita 2 kwa saa, mkanda mkavu unamdai mtu wa kilo 70 wati zipatazo 150. Wenye silikoni, kama 75. Hizo ni juu ya nguvu za kutembea kwenyewe. Njia nyingine ya kuitazama ni mteremko. Mashine isiyo na mota huinuliwa mbele ili uzito wa mtu wenyewe uurudishe mkanda nyuma. Kama kuvuta kunahitaji kilo 20 kwa kila kilo 100 za uzito, inabidi uinue sentimita 20 kwa kila mita ya urefu. Huo si mwendo wa mgonjwa, huo ni mlima.

Nikabeba mashine mpaka kwa fundi mmoja wa kuchomelea kule Kawangware. Akaitazama, akauliza kwa nini mkanda unaburuzwa wakati unaweza kubingirishwa. Angalia treni, akasema, inabeba tani ngapi na bado inasogea. Kweli kabisa. Hata mashine za bei kali, kama zile za Woodway ya Marekani, zimeacha ubao. Mkanda wao una vipande vinavyopita juu ya beringi.

Tukatoa ubao. Tukakata bomba la inchi robo tatu vipande 25, tukavipanga kimoja baada ya kingine, milimita 30 kutoka kati hadi kati, sentimita 75 za kukanyagia. Kila kipande kikapata beringi mbili namba 608, zile za viatu vya magurudumu: tundu milimita 8, nje milimita 22. Ndani ya bomba hilo zinakaa kwa kugongwa kidogo tu. Beringi 50! Mpya huja na grisi nzito inayozizuia, kwa hiyo tuliziosha kwa mafuta ya taa na kutia tone la mafuta ya cherehani. Ubaya wake ni kwamba grisi ilikuwa pia inazuia vumbi, na Kibera vumbi halina likizo. Sasa kila baada ya wiki chache naongeza mafuta. Nimekubali deni hilo.

Mkanda ukaanza kuhamia upande mmoja. Nilidhani rola ya mwisho inatakiwa iwe nyembamba katikati ili mkanda ukae kama kwenye bakuli. Fundi akacheka. Ni kinyume: mkanda hupanda kuelekea palipo panene. Akazungusha utepe wa umeme katikati ya rola, tabaka kadhaa, ikavimba kidogo, na mkanda ukarudi katikati na kutulia. Digrii yangu haikuwahi kuniambia hilo.

Tukapima tena. Kilo 3. Kutoka 28 hadi 3! Wati kama 16. Usiku ule nililala kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kesho yake Mzee akapanda. Alipoweka mguu wa kulia tu, mkanda ukaponyoka nyuma. Mguu ukaenda nao. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikamdaka kwapani, tukakaa chini wote wawili. Mama alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Mzee alipopata pumzi akasema, "Umenitengenezea ganda la ndizi."

Sikucheka. Nilitetemeka siku nzima. Nilikuwa nimefuata tarakimu moja, nikaishusha kadiri nilivyoweza, na ingemvunja nyonga baba yangu. Katika kazi yetu tunafanya hivi kila siku: tunafanya programu iwe ya kasi, tunasahau kuuliza ni kasi ya nani. Msuguano kati ya unyayo na mkanda nautaka, bila huo mtu anateleza. Kati ya mkanda na rola za mwisho nautaka pia, la sivyo rola hazizunguki. Kati ya mkanda na kinachoubeba siutaki. Halafu kuna kitu cha nne ambacho sikuwa nimekifikiria kabisa: kizuizi cha mwendo. Kisiwepo mtu anapoanza kusogea, ila kikue kadiri mkanda unavyokwenda kasi.

Jibu lilikuwa ndani ya sanduku la vyuma chakavu. Bodi ya mashine ilikufa, lakini mota yake ya sumaku ya kudumu ilikuwa hai. Fundi aliishika mkononi, akaizungusha, ikazunguka laini. Kisha akagusanisha nyaya zake mbili, akanipa. Ikawa nzito kama imejazwa matope! Mota ukiizungusha inazalisha umeme. Ukiziunganisha nyaya, mkondo unapita na kuuzuia mzunguko ule ule unaouzalisha. Ikisimama, kizuizi ni sifuri. Ikienda kasi, kizuizi kinakua. Hicho ndicho hasa nilichokuwa natafuta, na hakihitaji stima wala mstari mmoja wa kodi.

Kuunganisha nyaya moja kwa moja kulikuwa kuzito mno kwa kutembea, basi katikati tukaweka balbu ya lori ya volti 24 niliyonunua Kirinyaga Road. Mbele ya mashine tukainua sentimita 12. Mzee akitembea, balbu inawaka. Akichoka, inafifia. Hiyo ndiyo skrini yetu.

Lakini balbu huungua, na ikiungua kizuizi kinapotea, tunarudi kwenye ganda la ndizi. Hapa angalau ujuzi wangu ulisaidia: kitu kikiharibika, kiharibikie upande wa usalama. Tulifunga vipande viwili vya shaba vinavyobanana kwa springi, na kati yake kipande cha plastiki chenye kamba. Kamba iko kiunoni kwa Mzee. Akirudi nyuma kupita kiasi, plastiki inachomoka, shaba zinagusana, nyaya za mota zinaungana moja kwa moja na mkanda unakuwa mzito papo hapo. Nimeijaribu kwa uzito wangu mara nyingi kabla ya kumruhusu apande tena. Mtaalamu wake wa viungo naye alikuja, akaijaribu, akatupa sharti moja: asipande kamwe bila mtu kusimama nyuma. Nawe ukitaka kuiga, sharti hilo ni lako pia.

Siku ya kwanza alitembea dakika 2. Nilimuuliza miguu inahisije juu ya rola, akasema inamkumbusha kokoto za reli. Sasa anafika dakika 11, mara mbili kwa siku. Bado anatumia fimbo, bado mkono wa kulia ni mzito. Ila chooni anakwenda na mtu mmoja, na siku kavu anafika hadi kwa muuza mandazi.

Nilikuwa pia nimeandika programu ya kuhesabu hatua zake na kuchora grafu. Imekaa kwenye diski mpaka leo, hakuna aliyeiomba. Alichoomba Mzee ni kingine. Mashine nilikuwa nimeielekeza ukutani, kwa sababu chumba chetu ni futi 10 kwa 10 na hapo ndipo ilipoenea. Baada ya wiki moja akasema hawezi kutembea akiangalia mabati, miaka yote ile ya reli alikuwa akisalimiana na watu. Tukahamisha kitanda, tukaielekeza mlangoni. Sasa jioni jirani akipita anachungulia ndani, anaiona balbu inawaka.

"Mzee, umefika wapi leo?"

"Bado niko njiani," anajibu, na haachi kutembea.