Pikapu ya Baba na Ugonjwa Wake wa Kuzima Njiani

Gari kuukuu likikataa kuwaka mbele ya watu, kila mtu huwa makanika. Mmoja atasema ni betri, wa pili atasema ni plagi, na wa tatu atatikisa kichwa aseme, "Hilo ni la kuuza tu." Kama kwenu mna gari la aina hiyo, basi unanielewa. Mimi niliyasikia hayo yote kwa muda wa miezi mitatu, na nataka kueleza jinsi ugonjwa wenyewe ulivyopatikana, kwa maana haukuwa pale tulipokuwa tukitazama.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 pikapu. Walimu wetu wanazijua vizuri. Gari za 504 zilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, na ni 504 iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975, kisha tena 1978. Ya baba haijashinda chochote. Kazi yake ni kubeba kabichi, spinachi na nyanya kutoka Wundanyi hadi sokoni Voi mara tatu kwa wiki, na hiyo ndiyo inayoniweka shuleni. (Msije mkadhani naletwa kwa gari, naja kwa miguu kama nyinyi. Nasema pesa za chakula cha mchana.)

Ugonjwa ulikuwa hivi. Asubuhi baba akivuta choki kidogo injini inawaka, pikapu inashuka mlima bila neno hadi Mwatate. Ikishaingia barabara ya Voi inaanza kukohoa, nguvu zinapungua, halafu kimya. Ukipiga stata, injini inazunguka vizuri kabisa lakini haiwaki. Baba anakaa kando ya barabara nusu saa, anajaribu tena, inawaka kana kwamba ilikuwa inamtania! Ikienda kidogo inazima tena. Na jua la Voi mnalijua. Mboga zinafika zimenyauka, na mnunuzi naye hana huruma, anakata bei papo hapo.

Fundi mmoja wa mjini, ambaye jina lake nitaliacha, alimuuzia baba koili mpya. Sikatai, koili mbovu ikipata joto huweza kufa, na ikipoa ikafufuka, kwa hiyo dalili zilifanana. Lakini hakupima! Gari lilifika kwake likiwa limepoa, linanguruma vizuri, naye akakisia. Ikazima tena, akauza plagi nne. Ikazima tena, akasema sasa ni kabureta, na bei aliyoitaja ilikuwa pesa zangu za chakula za muhula mzima na viatu vya mdogo wangu juu yake. Baba alikuwa ameshaanza kuzihesabu.

Mama ndiye aliyesema, "Kabla hujazitoa, nenda kwa Babu kwanza." Babu ni fundi mzee wa hapa kwetu, na gereji yake ni kivuli cha mparachichi. Tulimkuta amelala chini ya Land Rover, miguu tu inaonekana. Nikamwamkia, "Shikamoo Babu." Akajibu "Marahaba mjukuu wangu" kutoka huko huko chini. Aliposikiza yote akauliza swali moja: "Inazima ikiwa na mafuta mengi ama machache?"

Baba hakujua. Lakini mimi ndiye ninayeandika hesabu za soko kwenye daftari, mafuta yaliyonunuliwa na mboga zilizouzwa, pamoja na saa ambayo baba amerudi. Nikakimbia nyumbani nikalileta. Jamani, ilikuwa ajabu. Siku alizojaza tangi ndizo alizochelewa sana. Siku alizoweka mafuta ya shilingi elfu moja tu, alirudi mapema. Baba akasema hiyo ni bahati. Babu akacheka, akasema, "Gari likiwa zima halisemi kitu. Jumamosi jaza tangi, tulingoje life, ndipo tuliulize."

Jumamosi nikapanda nyuma na kabichi. Babu alibeba plagi kuukuu, chupa tupu na spana mbili. Tulipopita Mwatate kidogo, ikazima. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu akifurahia gari kuzima. Hakungoja lipoe hata dakika moja. Alichomoa waya wa plagi moja, akaushika kwa kitambaa kikavu, akaingiza ile plagi kuukuu na kuigusisha kwenye chuma cha injini, kisha akamwambia baba apige stata. Cheche zikaruka za buluu, zinalia ta, ta, ta. Kama zingekuwa nyekundu na dhaifu, ama zisiwepo kabisa, tungetafuta koili, kondensa na pointi. Basi moto ulikuwepo. Tulirudisha waya kwanza, kwa sababu cheche na petroli havikai pamoja.

Ndipo akachomoa mpira unaoingiza mafuta kwenye kabureta, akauelekeza ndani ya chupa. Stata. Hakuna kitu, tone moja tu. Kabureta iliyokuwa inatulia pesa zetu ilikuwa na kiu! Baba akasema, "Basi ni pampu." Babu hakujibu. Alizunguka ubavuni mwa gari, akafungua kifuniko cha tangi, nasi sote tukasikia: fyuuuu! Hewa ilikuwa inakimbilia ndani. Akasema, "Piga tena." Petroli ikaruka ndani ya chupa.

Kifuniko cha asili kilikuwa na tundu dogo la kupitisha hewa. Kilipopotea, baba alinunua kingine cha gari tofauti, kinachobana sawasawa na hakina tundu. Pampu ikinyonya mafuta, lazima hewa iingie mahali pake, la sivyo tangi linavuta kurudi nyuma hadi pampu inashindwa. Wenzangu wa Fizikia, hii ni ile sheria ya Boyle. Tuseme tangi ni la lita 55 na limejazwa lita 50. Juu kuna hewa ya lita 5 tu. Ukitumia lita moja, hewa ya 5 inatandazwa kwenye nafasi ya 6, na kanieneo inashuka kwa sehemu moja ya sita. Sasa weka lita 5 tu za petroli. Hewa ni lita 50, ukitumia moja inakuwa 51, tofauti haionekani. Na ile nusu saa ya kungoja haikuwa ya kupoza kitu. Hewa ilikuwa inapenya kidogo kidogo pembeni mwa kifuniko.

Babu alikitoboa kifuniko hicho kwa keekee nyembamba, mbali na gari, hadi baba alipopata cha kufaa huko Mombasa. Alilipwa shilingi mia tatu na kabichi mbili, na kabichi moja aliirudisha.

Pikapu haijazima njiani tangu siku hiyo. Imebaki kusumbua asubuhi za baridi, wakati wa ukungu, ambapo choki lazima ivutwe mara tatu. Baba anasema ni uzee. Mimi nimeanza kuandika kwenye daftari.