Benchi

Habari za kifo cha Mwalimu zilinifikia wiki tatu baada ya maziko. Aliyenipigia simu alikuwa mmoja wa mawakala wetu wa zamani, na hakunilaumu. Alisema tu, "Tulidhani unajua."

Kampeni nilifunzwa na Mwalimu, mwaka wa 2002. Sisi vijana tulipenda magari yenye vipaza sauti na fulana za bure. Yeye alipenda daftari. Uchaguzi ule ulikuwa wa kwanza Kenya kura kuhesabiwa vituoni, badala ya masanduku kusafirishwa usiku hadi ukumbi mmoja wa eneo bunge, na maana yake aliiona mapema. Akaandikisha mawakala mmoja mmoja: mama muuza mboga, fundi viatu, vijana waliotoka shule juzi. "Nitafutie mtu asiyechoka kuketi," aliniambia. Usiku wa Desemba 27, kwa mwanga wa karabai, walikuwa wangali wameketi.

Siku tatu baadaye mgombea wetu, Kibaki, aliapishwa kuwa Rais Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, hajapona ajali ya wakati wa kampeni. Mimi nikapata ofisi katika wizara moja. Ndogo, lakini ilikuwa na mlango, na karani nje ya mlango.

Husemwa kwamba muungano wetu ulivunjwa na kura ya maoni ya 2005, ile ya alama za ndizi na chungwa. Kwangu tulianza kupotezana Agosti 2003, Makamu wa Rais Wamalwa alipofariki hata mwaka haujaisha, tukabaki bila mtu wa kuzichekesha pande zote mbili za muungano. Lakini hayo ni ya wakubwa.

Mwaka huo huo Mwalimu alikuja Nairobi kwa basi la usiku. Nilimwona mlango ulipofunguka: yuko kwenye benchi, kofia magotini. Nikamtuma karani amwambie niko mkutanoni. Nilikuwa nakunywa chai.

Aliketi hadi saa kumi na moja jioni. Nilipotoka, karani alinikabidhi karatasi aliyoiacha, nami ninayo hadi leo. Ina majina kumi na mawili ya mawakala ambao hatukuwalipa posho ya siku ile. Lake halimo. Matatu yamepigwa mstari, na kando ya kila moja, kwa mwandiko wake wa ubaoni, ameandika: nimemlipa.

Walikuwa wamebaki tisa.