Sura Zetu Kwenye Theluji

Jamani, hizi picha za theluji tunazotuma nyumbani! Koti linaonekana, meno yanaonekana, sura hakuna.

Kamera ikijipimia yenyewe hudhani dunia nzima ni ya kijivu. Ikikutana na weupe wa Stiglmeier Park, hapa Cheektowaga, inabana mwanga, na wanaozama gizani ni sisi. (Kodak, jirani zetu wa Rochester, tangu miaka ya 1950 walisawazisha rangi za picha kwa kadi ya mwanamke wa Kizungu, "Shirley". Basi usishangae.)

Mimi napanga mwenyewe. Nasogea karibu, uso ujae, ndipo napima. ISO 200, tundu la lenzi f/5.6, mita ikidai sekunde 1/125 naharakisha hadi 1/250, maana ngozi yetu nayo si ya kijivu. Theluji ikiungua, shauri yake. Mama anataka kuona kama nimekonda.