Mpwa Wangu, Anza na Betri

Kasongo

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako niliipokea kwa mkono wa kijana wa pikipiki aliyeleta magunia ya mchele, nikaisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mjomba, nikafurahi. Mara ya pili niliisoma kama fundi, kalamu mkononi, nikaona siwezi kulala kabla sijakujibu.

Sikuandikii kukukataza michezo. Hizo dola 500 za kompyuta ya michezo umezitafuta mwenyewe kwa miaka miwili juu ya barabara hizi zetu. Na kijana anayetaka kuunga kompyuta kwa mikono yake, badala ya kuinunua imefungwa, huyo anatafuta kujua, hatafuti kucheza tu. Nataka uipate. Ndiyo maana nakuandikia kirefu.

Orodha uliyonitumia inaanza na kadi ya picha: RX 580 iliyotumika, gigabaiti 8, uliyoambiwa iko Bukavu kwa bei nzuri. Vitu vingine vyote umevipanga vifuate kadi hiyo. Hapo ndipo nakuomba usimame kidogo. Kijana wa Dar es Salaam anaweza kuanza na kadi, kwa sababu umeme uko ukutani na duka liko Kariakoo. Kwenu Kabambare, kompyuta huanza na betri.

Tupige hesabu pamoja. Betri ya mama yako ni ya volti 12 na ampea-saa 200. Zidisha, utapata wati-saa 2,400. Lakini ni betri ya asidi, na betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua kabla ya wakati wake. Kwa hiyo ulicho nacho kweli ni 1,200. Inverta nayo haifanyi kazi bure. Tukadirie inakula 15 katika kila 100.

Sasa weka RX 580 juu ya hesabu hiyo. Kadi peke yake imeandikiwa wati 185. Prosesa 65. Madabodi, feni na diski tuseme 40. Skrini 25. Jumla 315, na ukiongeza kinachopotelea kwenye inverta, betri itatoa kama 370. Gawanya 1,200 kwa 370: saa tatu na dakika chache. Baada ya hapo ni giza, na giza hilo si lako peke yako. Simu za majirani ambazo mama yako anazichaji zitalala bila moto. Betri ile aliinunua kwa mpunga wa misimu miwili, mpwa wangu, na ndiyo inayolipa karo ya wadogo zako.

Geuza ukurasa, tupige hesabu ya pili. Kuna prosesa iitwayo Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021. Ina viini 6, imeandikiwa wati 65, na sehemu ya kuchora picha imo ndani yake, haihitaji kadi. Prosesa 65, vitu vingine 35, skrini 25: jumla 125. Kupitia inverta, betri itatoa kama 147. Gawanya tena: saa nane. Betri ni ileile. Ukicheza saa tatu jioni, umebakiza zaidi ya nusu ya sehemu yako, na mama yako asubuhi anafungua kazi yake kama kawaida.

Sitakudanganya: RX 580 ina nguvu zaidi. Kwa 5600G, mpira utaucheza vizuri, na GTA V, iliyoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, utaicheza ukipunguza ukali wa picha. Michezo mikubwa ya miaka hii itakulemea. Lakini kompyuta unainunua mara moja, umeme wake unaununua kila siku. Halafu zile kadi za RX 580 nyingi zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali, mchana na usiku bila kupumzika. Muuzaji hawezi kukuonyesha uchovu wa kadi kwa macho. Ukifika siku ya kuongeza paneli ya jua na betri ya pili, tafuta kadi ndogo kama GTX 1650, ambayo imeandikiwa wati 75 na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai. Nafasi yake kwenye madabodi itakuwa inakungoja.

Wazee wanasema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa jembe, kwa sababu likivunjika mhunzi yuko hapa hapa. Prosesa ikivunjika, mhunzi wake yuko ng'ambo ya bahari. Kila kipande utakachonunua kiulize maswali matatu: kikifa, nani atakitengeneza? Kingine kitapita njia gani kunifikia? Na wakati nangoja, kompyuta itaendelea kuwaka? Ndiyo maana nakwambia pia uwe macho na prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F. Bei zake zinavutia, lakini prosesa hizo hazina sehemu ya kuchora picha ndani. Kadi ikifa, skrini yote ni nyeusi mpaka nyingine ifike.

Kungoja kwenu huko si jambo geni. Mwaka 1870 msafiri Livingstone alirudi Bambarre, ndiyo Kabambare yenu, akakaa miezi mingi hadi Februari 1871, akiuguza vidonda vya miguu na kungoja watu na bidhaa kutoka pwani. Leo mzigo unaweza kupanda boti Kigoma na kushukia Kalemie, au kuteremka kutoka Bukavu, lakini mvua ikishika, matope hayajui kwamba sasa tuna simu. Kitu kilicholetwa kimakosa ni msimu mzima umepotea.

Kwa hiyo nunua hivi. Prosesa iwe ile 5600G, na madabodi iwe ya soketi AM4, yenye chipu ya B450 au B550. Ukichukua B450, mwambie muuzaji aisasishe BIOS, programu yake ya kuwashia, kabla ya kuifunga, maana nyingi zilitengenezwa kabla ya prosesa hii kuzaliwa, na bila kusasishwa haitaitambua. Usikubali aseme utaifanya mwenyewe nyumbani. Bila prosesa inayotambulika, madabodi nyingi haziwezi kusasishwa. Mwombe aiwashe mbele ya mtu wetu wa Bukavu, na skrini ionyeshe jina la prosesa.

RAM usinunue kipande kimoja cha gigabaiti 16. Nunua viwili vya 8. Prosesa hii haina kumbukumbu yake ya picha, inakopa kwenye RAM, na vipande viwili vinaipa njia mbili za kukopea kwa wakati mmoja. Tofauti utaiona kwa macho kwenye mchezo. Diski chukua SSD ya gigabaiti 500; haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo mtikisiko wa pikipiki hauidhuru kama ile ya zamani. Feni ya prosesa huja ndani ya boksi lake, usiinunue mara mbili. Sanduku la nje lisikusumbue kwa taa za rangi. Litazame kama lina chujio la vumbi, kwa sababu vumbi letu jekundu huingia hata pasipo na mlango.

Pawa saplai ndipo vijana wengi hubana pesa, na hapo ndipo nakuomba usibane. Zamani nilinunua moja isiyo na alama yoyote, nyepesi kama boksi tupu, nikajiambia wati ni wati. Siku moja jenereta iliruka, pawa saplai ile ikafa, na haikufa peke yake: iliondoka na madabodi na diski yenye picha zote za harusi ya mteja wangu. Madabodi nililipa. Picha sikuweza kulipa, na yule mama nikikutana naye sokoni bado naona aibu. Chukua ya wati 450 yenye alama ya 80 Plus, ya kampuni inayojulikana. Na kabla hujaiunganisha, soma boksi la inverta yenu. Kama hawakuandika Pure Sine Wave, umeme wake una kona kona badala ya mawimbi laini, na pawa saplai nzuri za siku hizi huweza kuukataa au kujizima katikati ya mchezo. Ikibidi, acha sanduku jipya, tumia kuukuu, uweke pesa hiyo kwenye inverta. Skrini nayo chukua iliyotumika, na dola 50 zibaki mfukoni usiziguse. Kutakuwa na waya uliosahauliwa, huwa haukosi.

Ukiambiwa kuhusu zile Dell OptiPlex zilizotumika, ni mashine nzuri za ofisi na ni nafuu. Lakini nyingi pawa saplai yake ni ya umbo lake peke yake. Ikifa, huwezi kuweka ya kawaida. Irudishe kwenye yale maswali matatu, utapata jibu.

Michezo yenyewe usitegemee kuivuta kwa mtandao wa huko. GTA V pekee inachukua gigabaiti 100 hivi au zaidi. Inunue kwa njia halali, mtu wetu wa Bukavu aipakue, aiweke kwenye diski ya nje, na mpango wa Steam unaruhusu michezo mingi kuchezwa bila mtandao baada ya kuingia mara moja. Za kunakiliwa mitaani huja na virusi, na virusi hivyo hivyo vitaingia kwenye kila flashi utakayoichomeka.

Jambo la mwisho, nililiweka mwisho kwa sababu liko moyoni. Ukigeuza prosesa hiyo utaona miguu 1,331, myembamba kama nywele, imepakwa dhahabu. Usiiguse kwa vidole. Mguu mmoja ukipinda, kazi imeharibika. Wewe umekulia karibu na Namoya, dhahabu umeiona ikipimwa kwa mizani. Kasiteriti ya Kalima huyeyushwa ikawa bati, na bati ndilo linaloshika vipande vyote kwenye madabodi. Koltani ya mashariki yetu hutoa tantali inayoingia kwenye vipande vidogo vya kuhifadhi umeme. Vitu hivi vilitoka kwetu kwenye magunia, vikazunguka dunia, vinarudi kwenye maboksi tukivilipia dola. Kilichobaki ng'ambo ni ujuzi. Nataka ujuzi huo nao urudi, uingie mikononi mwako, ili kijana mwingine wa Kabambare asilazimike kuandika barua Kasongo kuuliza.

Kwa hiyo usiiunge peke yako. Vipande vikifika, vilete hapa katika maboksi yake, kila kimoja kimefungwa kwa nguo. Nitaifuta meza yangu. Wewe utashika bisibisi, mimi nitashika taa. Utagusa chuma kwanza ili umeme wa mwilini utoke, utaishusha prosesa bila kuisukuma, utafunga skrubu za feni kwa kupishana. Na kabla hujaondoka kwenu, kaa na mama yako, mwonyeshe hesabu ya saa nane na ya saa tatu, zote mbili. Betri ni yake. Akikubali, njoo.

Msalimie sana dada yangu, na wadogo zako wote.

Wasalaam,

Mjomba wako