Nafasi ya Mama

Fahari ya gari la familia haimo katika nembo yake, bali katika nafasi. Wazee wa Skuta walilijua jambo hili kupitia Peugeot 504, au Pijo kama tulivyoizoea. Gari hilo lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978, lakini sifa yake majumbani ilikuwa nyingine: stesheni wagoni ya familia ilikuwa na safu tatu za viti, nafasi ya watu saba, na springi nne nyuma za kuhimili mizigo.

Sasa sisi ndugu watatu tunachanga fedha tununue stesheni wagoni ya kifahari. Sheria ya Kenya hairuhusu kuagiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, hivyo bei si ya mchezo. Dada anapendelea Subaru Outback. Magurudumu yake yote manne huvuta, na matope ya Aprili hayajali viti vya ngozi. Lakini ina viti vitano, nasi tu sita: mama, sisi watatu na watoto wawili wa kaka. Mama akasema kwa upole, "Nendeni tu, mimi nitapanda matatu."

Kauli hiyo imenikaa moyoni. Kaka ametaja Mercedes-Benz E-Class, ambayo baadhi yake huwa na viti viwili vya watoto nyuma kabisa, vinavyotazama kule gari linakotoka. Iko chini zaidi, na vipuri vyake ni ghali. Hata hivyo, naiunga mkono. Mpenzi msomaji, tuhesabu watu kwanza, ndipo tuhesabu nguvu za farasi.